Binti anarudi chuo mwaka wa pili, na mama halali

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mwanangu wa mwisho ana miaka 21, anasoma chuo Dar, mimi niko Moshi. Baba yake alifariki miaka mitatu iliyopita, nyumbani tumebaki wawili. Mwaka wa kwanza alisapu masomo mawili na hakuniambia mpaka mwezi wa nane. Alikwenda kuyarudia, amefaulu, anapanda mwaka wa pili. Chuo kinafungua baada ya wiki nne, na kadiri siku zinavyokaribia analia usiku, tumbo linamuuma, amejitoa kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Ameniomba abaki wiki mbili zaidi au aahirishe mwaka. Mwaka jana alikuwa ananipigia kila usiku akilia. Yeye akishalala mimi nakesha. Nina miaka 51, naamka saa nane usiku nimeloa jasho, moyo unaenda mbio. Nilimkumbusha kwamba niliuza ng'ombe ili asome, ndiyo kwanza akazidi kulia. Dada yangu anasema nimemdekeza, nisipokee simu atazoea. Jirani anasema nimpe Piriton alale. Nifanye nini kwake, na mimi mwenyewe nifanyeje? Halafu, nimsindikize mpaka Dar?"*

Mama, pole na mzigo huu. Nikikuelewa vizuri, unaogopa kwamba ukimsukuma arudi atavunjika, na ukimruhusu abaki atapoteza chuo. Jibu fupi ni hili: kwa uliyoyaeleza, arudi siku wanayorudi wenzake, ila arudi na mipango ambayo mwaka jana hakuwa nayo. Simu ya usiku isikatwe, ipangwe upya. Kuahirisha kuna mahali pake na nitakueleza ni lini. Lipo pia swali moja la kumuuliza ambalo jibu lake linaweza kubadili ushauri huu wote, nitalifikia.

Watu wengi hudhani mwaka wa kwanza ndio mgumu, baada ya hapo mtoto ameshazoea. Kwa wengi kurudi mwaka wa pili ndiko kunakouma zaidi. Mwaka wa kwanza kila mtu ni mgeni, na vyuo vingi huwapa wanaoanza kipaumbele cha vitanda vya hosteli. Mwaka wa pili vitanda wamepewa wapya, marafiki wa chumba kimoja wametawanyika Changanyikeni, Msewe na Sinza, na aliyekosa nafasi anatafuta geto ambalo mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Halafu sasa anajua kinachomsubiri. Anaikumbuka siku aliyofungua matokeo kwenye simu akakuta sapu mbili, na anajua kwamba katika vyuo vingi aliyesapu huandikiwa C hata akifaulu kwa alama za juu, kwa hiyo GPA yake, yaani wastani wa alama zake, imeshaguswa. Kabla hujamtafutia tiba yoyote, muulize maswali ya kawaida kabisa: umepata chumba? Utakaa na nani? Kama jibu ni "bado", basi sehemu ya kilio hicho ina dawa yake, na dawa yenyewe ni dalali na kodi.

Maumivu ya tumbo si uongo. Ubongo ukihisi hatari, mwili humwaga adrenalini: moyo hukimbia, damu huelekezwa kwenye misuli, tumbo hujikunja au kuharisha, usingizi hukatika. Hofu ya namna hii hupanda siku zinavyokaribia, mara nyingi hufikia kilele usiku wa kuamkia safari na siku mbili tatu za mwanzo, kisha hushuka ratiba ikishashika. Lakini haishuki mpaka mtu awepo pale anapopaogopa kwa muda wa kutosha, mwili ujionee kwamba panakalika.

Ndiyo maana zile wiki mbili za nyongeza zina mtego. Ukimwambia "haya, baki", tumbo litapoa siku hiyo hiyo, nawe utaona umefanya jambo jema. Kumbe ubongo wake umejifunza kwamba kilichomwokoa ni kutokwenda. Wiki mbili zikiisha hofu itarudi na nguvu mpya, safari hii ikiwa na sababu za kweli: usajili umefungwa au una faini, makundi ya kazi za pamoja yameshajaa na yeye anaingizwa kwenye kundi la masalia, jaribio la kwanza liko mlangoni. Katika vyuo vingi alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi na majaribio ya ndani ya muhula. Anayechelewa anaanza kuzipoteza kabla hajakaa kitini.

Wiki nne mlizonazo zinatosha kwa maandalizi, mkizitumia kwa ngazi. Kanuni ni kwamba anafanya jambo dogo linalomtia hofu kidogo, analirudia mpaka hofu ipungue, ndipo anapanda jingine. Mwambie aipime mwenyewe kutoka 0 hadi 10. Ikishuka karibu nusu, anasonga. Ngazi ya kwanza ni kurudi kwenye grupu la darasa, asome tu bila kuandika chochote. Hilo likiwa zito, amwandikie CR (mwakilishi wa darasa) peke yake aulize ratiba inatoka lini. Kisha amtafute rafiki mmoja wa mwaka jana: "Mwaka huu unakaa wapi?" Rafiki mmoja anayejulikana atakaa wapi ana faida kuliko grupu zima la watu 200. Wiki ya pili ni ya chumba, na ya kuangalia ni masomo gani ya mwaka wa pili yamejengwa juu ya yale mawili aliyosapu; dakika 45 kila asubuhi na daftari la zamani zinatosha, asigeuze nyumba kuwa chumba cha mtihani. Wiki ya tatu aanze kurekebisha usingizi. Kama kipindi kinaanza saa moja asubuhi na yeye atapanda daladala, ataamka saa kumi na moja alfajiri, wakati likizoni ameamka saa tatu. Asogeze saa ya kuamka kwa dakika arobaini kila baada ya siku mbili. Wiki hiyo pia akalale kwa shangazi yake siku mbili bila wewe. Tiketi akakate mwenyewe.

Kwa dakika zile ambazo mwili umeshachemka, afundishwe kupumua: avute hewa puani kwa kuhesabu nne, aitoe taratibu kwa kuhesabu sita, kwa dakika tano. Ajizoeze akiwa ametulia, mara mbili kwa siku. Wengi hulijaribu mara ya kwanza wakiwa katikati ya kilio, halafu wanasema halifanyi kazi.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda halitakufurahisha. Habari ya ng'ombe iachwe. Najua ni kweli, na najua uliisema ili kumtia moyo. Kwa mtoto mwenye hofu inasikika kama deni, na mwenye deni asiyeweza kulipa hujificha. Ulishangaa kwamba alizificha sapu mpaka mwezi wa nane. Hapo ndipo zilipojificha. Mwambie waziwazi, mara moja, bila hotuba: "Ukisapu tena, nataka niwe wa kwanza kujua, na sitakutajia pesa." Halafu siku ikifika, timiza.

Lipo jingine ambalo barua yako imelipita haraka: nyumbani mmebaki wawili. Kuna uwezekano mkubwa kwamba anaogopa kukuacha wewe. Binti aliyemzika baba yake akiwa na miaka 18, anayemsikia mama yake akitembea sebuleni saa nane usiku, huanza kumlinda mama. Akiwa Dar atapiga simu kila usiku, na sehemu ya simu hiyo ni kukuchungulia. Muulize: "Ukiondoka, unaniwazia nini?" Kisha usimjibu kwa "mimi niko sawa, usijali", hataamini. Mpe ratiba: Jumanne nina vikoba, Alhamisi jumuiya, Jumamosi mama mdogo analala hapa. Kuiona wiki yako imejaa kutamtuliza kuliko maneno yote ya faraja unayoweza kumpa. Kwa hiyo kujitunza kwako si jambo la pembeni la kufanya ukipata nafasi; ni nusu ya matibabu yake.

Tuje kwenye simu. Mtoto anayepiga akilia saa tatu usiku anakupa saa yake mbaya kuliko zote za siku hiyo. Akishamimina anapata nafuu, na mara nyingi nusu saa baadaye yuko na wenzake wanapika tambi na kucheka. Wewe hiyo nusu saa huioni. Unabaki na kilio, unakesha nacho, na asubuhi unapiga kuuliza "umeamkaje? bado unalia?", yeye aliyekuwa ameshasahau anaanza kujipekua. Dada yako anapendekeza kukata. Hilo litamfundisha kwamba akiumia hana mtu, na atakuja kuficha makubwa kuliko sapu. Kupokea kila simu saa yoyote nako kunamfundisha kwamba bila wewe hawezi kulala.

Kubalianeni kabla hajaondoka. Wiki mbili za kwanza, simu moja kila siku, dakika kumi, saa kumi na mbili jioni akiwa bado na watu karibu. Wiki ya tatu na ya nne, siku moja ndiyo moja hapana. Kuanzia wiki ya tano, mara mbili kwa wiki, tuseme Jumatano na Jumapili. Katikati mtumiane picha au sauti fupi zisizodai jibu. Dharura haina ratiba, na mtaje kabisa dharura ni nini: kuumwa, kukosa pa kulala, kutishwa na mtu, mawazo ya kujidhuru.

Akilia, msikilize dakika kadhaa bila kumkatiza, kisha uliza: "Unataka nikusikilize tu, au tutafute njia?" Mwisho wa simu uwe na hatua moja ya kesho, ndogo na yenye saa: "Saa nne naenda kwa mwalimu wa tutorial." Badala ya "unajisikiaje?", uliza mambo yenye majina: leo kipindi kilikuwa cha nani, mchana umekula na nani. Na usimpigie mwenzake wa chumba kwa siri. Mwombe binti mwenyewe akupe namba ya mtu mmoja wa dharura, naye mtu huyo ajue kwamba unayo.

Pesa nazo hulia usiku, mama. Kama ana mkopo wa Bodi ya Mikopo, fedha ya chakula na malazi, ambayo mwaka wa masomo 2022/2023 ilipandishwa hadi shilingi 10,000 kwa siku, huja kwa mafungu. Fungu la kwanza, au bumu kama wanafunzi wanavyoliita, likichelewa, wiki za mwanzo, zile zile za hofu, anazipitisha akiwa na njaa na aibu ya kukopa. Mwandalie chakula na nauli ya mwezi mmoja nje ya kodi, na uitume kila Jumatatu kwa simu badala ya kumpa yote mkononi. Kama hana mkopo, fanya hesabu naye kwa karatasi ili ajue nini kinakuja na lini. Kiasi kidogo kinachofika siku iliyoahidiwa kinatuliza kuliko kikubwa kisichojulikana siku yake.

Piriton ya jirani ni dawa ya mzio inayoleta usingizi kama madhara yake. Itamlaza, asubuhi kichwa kitakuwa kizito darasani, na hofu itakuwa pale pale. Zaidi ya hiyo, usimpe diazepam (dawa ya kutuliza) wala amitriptyline (dawa ya ugonjwa wa huzuni) iliyobaki ya mtu mwingine. Ya kwanza hujenga utegemezi ikitumiwa mfululizo, ya pili ni hatari kubwa mtu akimeza nyingi kwa pamoja.

Kuhusu wewe, anza na mwili. Jasho la usiku na moyo kwenda mbio katika miaka 51 vinaweza kuwa hofu, vinaweza kuwa ukomo wa hedhi, na mara nyingi ni vyote viwili vikichocheana. Nenda Hospitali ya Mawenzi au kituo cha karibu upime presha, sukari, wingi wa damu na ikiwezekana tezi ya shingo. Kama una kikohozi cha wiki mbili au unapungua uzito, liseme hilo, maana jasho la usiku ni dalili ya kifua kikuu pia. Wanawake wengi huvumilia ukomo wa hedhi miaka kadhaa wakidhani ni mawazo ya watoto, na dawa zipo.

Usingizi wenyewe: acha chai na kahawa baada ya saa nane mchana. Ukiamka usiku na dakika kama ishirini zimepita hujalala, usibaki kitandani ukigeuka. Kaa kwenye kiti, taa hafifu, fanya kitu cha mkono mpaka macho yawe mazito, ndipo urudi. Simu ilale chumba kingine, na mlio uwe juu kwa namba yake peke yake. Saa kumi na moja jioni chukua daftari, dakika ishirini, andika yote yanayokusumbua kwenye safu mbili: yangu, na yake. GPA ni yake. Kodi ni yako. Kuamka kwake asubuhi ni kwake. Wasiwasi ukija saa nane usiku, uahidi nafasi yake kesho jioni. Kwa siku za mwanzo inaonekana mchezo wa kitoto; inahitaji wiki mbili tatu.

Siku akiondoka utapika nusu kilo ya mchele kwa mazoea, utapakua sahani moja, utakula umesimama jikoni. Ni huzuni halali, na kwa mjane kila kuondoka hutonesha kule kwa kwanza. Lia, mtaje marehemu, ongea na mtu mzima mwenzako au kiongozi wako wa dini. Kinachotakiwa ni kwamba msikilizaji wa huzuni hiyo asiwe binti. Wiki ya kwanza usile peke yako zaidi ya mlo mmoja kwa siku. Panga tangu sasa nani anakuja, unakwenda kwa nani.

Kuahirisha mwaka ni uamuzi mzuri kama daktari amethibitisha ugonjwa ambao hautamruhusu kusoma, na kuna mpango wa matibabu wa kujaza mwaka huo. Bila mpango, mwaka wa kuahirisha huwa ni mwaka wa kulala na simu chumbani, na kurudi kunakuwa kugumu mara mbili. Taratibu hudai barua na ushahidi wa hospitali, na kila chuo kina tarehe zake za mwisho. Kabla hajasaini chochote aende dawati la mikopo chuoni aulize mkopo wake utakuwaje. Kuhamia chuo cha karibu na nyumbani kunawezekana, lakini masomo yote hayahamishiki, na hofu isiyotibiwa huhama na mwenyewe. Mimi ningempa muhula mmoja kwanza, tena na msaada. Vyuo vikuu vina ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na kuna wanasihi ambao huduma yao kwa kawaida haina malipo. Aende wiki ya kwanza, kabla mambo hayajachacha. Ujue pia kwamba ameshavuka miaka 18. Ofisi hiyo haitakusimulia ya kwake bila ridhaa yake, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini.

Sasa lile swali. Usiku mmoja mkiwa wawili, muulize bila kuzunguka: "Katika kulia huku, umewahi kufikia kuwaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Anayelibeba hupata nafuu kwamba limetajika. Akisema ndiyo, usimkemee wala usimhubirie. Mshukuru kwa kukuambia, asiachwe peke yake, ondoa vidonge, sumu ya panya na dawa za shambani ndani ya nyumba, na mwende hospitali siku hiyo hiyo, Mawenzi au KCMC. Akiwa Dar ni Muhimbili, au Mwananyamala, Amana na Temeke, ile iliyo karibu. Kuwa na mawazo hayo si kosa la jinai, usiogope kuyasema kwa daktari.

Hata kama jibu ni hapana, apelekwe kwa daktari kabla ya chuo kufungua ikiwa kwa wiki mbili au zaidi amekuwa na huzuni karibu siku nzima, kila siku, hana hamu na kitu alichokuwa akikipenda, anapungua, haogi, anasema yeye ni mzigo. Hiyo ni dalili ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, na ngazi nilizozieleza hazitatosha peke yake. Mpelekeni siku hiyo hiyo pia akisikia sauti wasizozisikia wengine, au akikaa siku kadhaa bila usingizi na bila kuchoka. Maombi na dua viendelee pamoja na hospitali. Visiwe sababu ya kuchelewa. Akiandikiwa dawa za sonona, nyingi huanza kusaidia baada ya wiki mbili hadi nne, na haziachwi ghafla kwa kuwa ameona nafuu.

Na kumsindikiza: kama anahamia chumba kipya, nenda. Mkague kitasa, maji, umbali wa kituo cha daladala, mkanunue godoro na ndoo. Lala usiku mmoja, usilale wiki. Kesho yake ondokeni pamoja, yeye akielekea chuo na wewe stendi ya Magufuli, ili asibaki kwenye chumba kitupu akisikiliza ukiondoka, na muagane kwa dakika mbili. Kama anarudi chumba kile kile na mtu yule yule, baki Moshi, agana naye stendi. Ukikata tiketi yako ya kurudi kabla ya kwenda, kilio cha asubuhi hakitaibadilisha. Ukifika nyumbani tuma ujumbe kwamba umefika salama, usipige; simu ya kwanza iwe ile ya saa kumi na mbili jioni ya kesho yake.